Kubofya na Kuandika Amri: Niliyojifunza Katika Kazi ya TEHAMA

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya TEHAMA katika taasisi ya elimu yenye makao makuu Dar es Salaam na matawi katika mikoa ya mbali, na vijana wanaoingia kazini hawaachi kuniuliza kwa nini ninawasumbua kuandika amri kwenye skrini nyeusi wakati siku hizi karibu kila kitu kinafanyika kwa kubofya. Wengi hutarajia niwaambie kwamba amri zina kasi zaidi, au kwamba ndiyo njia ya wataalamu. Silo jibu langu. Nimefikia kuamini kwamba tofauti kubwa kati ya njia hizi mbili iko katika kile kinachobaki kazi ikishamalizika. Anayebofya akimaliza, njia aliyopitia imefutika pamoja na madirisha aliyoyafunga. Anayeandika amri huacha maandishi ambayo mwingine anaweza kuyasoma, kuyasahihisha, kuyatuma mkoa mwingine na kuyatumia tena mwakani.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kubofya, kama karibu kila mtu wa rika langu. Nilisoma kozi ya kompyuta katika chuo kidogo cha mjini, ambako mwalimu alituandikisha hatua moja baada ya nyingine: bofya File, shuka hadi Print, chagua idadi ya nakala, bofya OK. Madaftari hayo yalikuwa na thamani kweli, na watu waliyaazima na kuyanakili kwa mkono. Kisha ikaja Office ya 2007, ambayo iliondoa menyu za juu katika Word na Excel na kuweka utepe wa vitufe, na mahali pa neno File pakawekwa duara lenye nembo kwenye kona ya kushoto. Nilikuwa kazini wakati toleo hilo lilipofika katika ofisi zetu. Makatibu muhtasi waliokuwa wamechapa barua za serikali kwa miaka mingi, watu makini ambao hawakukosea hata nafasi kati ya aya na aya, walikaa mbele ya skrini wakitafuta pa kuprinti. Hawakuwa wamesahau chochote. Walichokuwa wamefundishwa ni mahali pa kitu, na kitu chenyewe kilikuwa kimehamishwa. Mwaka 2012 hali ikajirudia, Windows 8 ilipokuja bila kitufe cha Start ambacho watu walikizoea tangu Windows 95.

Katika kipindi hicho hicho nilikuwa nimeanza kujifunza Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta uliofuata mfano wa Unix, na nilichokiona huko kilinishangaza. Amri kama `ls` ya kuorodhesha faili, `cp` ya kunakili na `grep` ya kutafuta maneno ndani ya faili zilitengenezwa katika maabara za Bell nchini Marekani pamoja na mfumo wa Unix, kazi iliyoanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie, na mpaka leo zinafanya kazi kwenye seva zetu, yaani kompyuta kuu zinazohudumia nyingine, kwa majina yale yale. Aliyeziandika daftarini miaka thelathini iliyopita angeweza kulifungua daftari hilo leo asubuhi na kuendelea na kazi. Kwa nchi ambayo mtu hujilipia kozi ya kompyuta kwa kujibana, na pengine hapati nafasi ya kuirudia, jambo hilo si dogo hata kidogo.

Lakini kilichonishawishi zaidi ni umbali. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujaanza kutoa huduma Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na kwa muda baada ya hapo kwa matawi ambayo mkongo wa taifa ulikuwa haujayafikia, intaneti yetu ilipitia kwenye dishi la setilaiti. Setilaiti za aina hiyo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe unaotoka Dar es Salaam kwenda Kigoma lazima upande hadi huko na kushuka, kisha jibu nalo lipande na kushuka, na safari hiyo ya kwenda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde hata kama vifaa vyote ni vizima. Nusu sekunde inaonekana kuwa kitu kidogo hadi ujaribu kuendesha kompyuta ya mbali kwa kipanya. Unasogeza kipanya, mshale unabaki pale pale. Unasogeza tena, mara mshale unaruka na kukipita kitufe ulichokitaka. Unabofya, na hujui kama umebofya au bado. Juu ya hayo, kila mabadiliko ya skrini ni picha inayopaswa kusafirishwa, na njia yenyewe ilikuwa nyembamba, tena inagawanywa kati ya ofisi nzima.

Kwa amri hali ilikuwa tofauti kabisa. Tulitumia SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali na kuipa amri, iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Ufini ili nywila zisinaswe njiani. Herufi nilizoandika zilichelewa kuonekana, ndiyo, lakini niliweza kuandika amri nzima bila kusubiri kuiona, nikaihakiki ilipojitokeza, kisha nikabonyeza Enter. Herufi chache zilikwenda, mistari michache ikarudi. Umeme ukikatika upande wangu kazi haikupotea, kwa sababu kuna programu iitwayo `screen` ambayo huiacha kazi iendelee kwenye seva hata kama aliyeianzisha ametoweka, na akirudi anaikuta ilipofikia. Nimewahi kuanzisha kazi ndefu ya kunakili kumbukumbu za wanafunzi jioni, mgao wa umeme ukatukatia, na asubuhi nikaikuta imekamilika kwenye seva ya tawi.

Umbali wa pili ulikuwa wa simu. Tawi moja la mbali lilikuwa na karani wa masjala, mama wa makamo aliyekuwa akiisimamia ofisi ile kwa uaminifu mkubwa, na printa yake ya Windows XP ilikuwa na tabia ya kushikwa na foleni ya nyaraka zisizotoka wala kufutika. Mwanzoni nilijaribu kumwongoza kwa picha. Nilimsalimu, akaitikia, nikamwomba abofye kulia kwenye alama ya printa chini ya skrini.

“Alama ipi, mwanangu? Hapa ziko nyingi.”

“Ile yenye umbo la printa, mama, karibu na saa.”

“Karibu na saa kuna kispika na vitu viwili vingine. Printa siioni.”

Alikuwa akisema kweli, kwa sababu Windows XP ilikuwa na desturi ya kuficha alama ambazo hazijatumiwa kwa muda, na mimi sikuwa na namna ya kuiona skrini yake. Mazungumzo ya aina hiyo yalikula vocha na subira ya pande zote mbili. Siku iliyofuata nilimwomba abonyeze kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi R, aandike `cmd`, kisha katika dirisha jeusi aandike nitakachomtajia: net, nafasi, stop, nafasi, spooler. Akaandika, akabonyeza Enter, akanisomea kwa sauti sentensi iliyojitokeza, kwamba huduma imesimamishwa. Nikamtajia amri ya kufuta nyaraka zilizokwama, kisha `net start spooler`, akautuma waraka wake upya, na kabla hatujaagana nikaisikia printa ikianza kuvuta karatasi. Aliziandika amri zile kwenye kipande cha karatasi na kukibandika pembeni ya skrini, na tangu hapo tatizo hilo alilimaliza mwenyewe. Baadaye nilisikia kwamba amewafundisha makarani wenzake wa ofisi ya jirani.

Ninalieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu linakwenda kinyume na dhana iliyozoeleka kwamba amri ni za vijana waliosomea kompyuta. Mama yule hakuhitaji kujua chochote kuhusu huduma za Windows. Alihitaji kitu kinachoweza kutamkwa kwa mdomo, kuandikwa kwa kalamu na kuthibitishwa kwa jibu linalosomeka, na mstari wa amri ulimpa vyote hivyo.

Kutuma amri kwa maandishi nako kuna mambo yake ya kujihadhari, na haya niyaseme kwa faida ya wanaofanya kazi kama yangu. Simu nyingi hugeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa, na kwa Linux `Ping` si `ping`. Kwenye WhatsApp, alama mbili za nyota ndani ya mstari zinaweza kupotea na maneno yaliyo kati yake yakawa meusi, kwa hiyo amri yenye nyota hufika ikiwa pungufu. Baadhi ya simu hugeuza vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu na kupinda alama za mtajo, na kompyuta haizitambui. Dawa ya nyota hizo ni kuizungushia amri alama hizi tatu (```) kila upande, ili WhatsApp iiache kama ilivyo; dawa ya hayo mengine ni kuituma ndani ya faili la maandishi matupu lililoandaliwa kwenye kompyuta.

Sehemu ya kazi ambayo amri zilinifungulia mlango hasa ni orodha. Kila mwaka matawi hutuma orodha za waombaji, na uongozi hutaka kujua ni wangapi wanatoka kila mkoa. Mwenzangu wa ofisi ya udahili alikuwa akizifungua katika Excel, anachuja mkoa mmoja, anahesabu, anaandika pembeni, anakwenda mkoa unaofuata. Nilimwonyesha mstari mmoja: `cut -d, -f4 waombaji.csv | sort | uniq -c | sort -rn`. Amri ya kwanza inachukua safu ya nne peke yake, ya pili inapanga majina ili yanayofanana yakae pamoja, ya tatu inayahesabu, ya mwisho inatanguliza mkoa wenye watu wengi. Kile kistari cha wima kinachoziunganisha ndicho kiini cha jambo zima. Doug McIlroy wa maabara za Bell alipendekeza mwaka 1964 kwamba programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani, kipande kimoja kikifungwa kwenye kingine pale kinapohitajika, na mwaka 1973 Thompson akaliingiza wazo hilo katika Unix. Hakuna hata moja kati ya amri hizo iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhesabu waombaji wa chuo. Aliyeziunganisha kwa kazi hiyo ni mimi, na yeyote mwenye kazi nyingine anaweza kuziunganisha kwa namna yake.

Matokeo ya kwanza yalitufundisha jambo ambalo hatukulitafuta. Dar es Salaam ilijitokeza zaidi ya mara moja: kuna waliosajiliwa chini ya “Dar es Salaam”, wengine “DSM”, wengine “Dar”, wengine “D'Salaam”, na Kigoma iliyoandikwa kwa herufi kubwa ilihesabiwa kama mkoa mwingine. Katika Excel makosa hayo yalikuwa yamejificha ndani ya orodha ndefu ya kuchuja. Hapa yalisimama yote mbele yetu na idadi yake pembeni. Tuliongeza hatua za kusawazisha majina, tukauhifadhi mstari wote katika faili, na orodha ya wiki iliyofuata ilipofika haikutuhitaji tena kuanza upya. Nimtahadharishe msomaji atakayeujaribu mstari huo: `cut` haijui alama za mtajo, kwa hiyo kama ndani ya safu kuna anwani yenye mkato, safu zitahama, na ni lazima kutumia programu inayoielewa vizuri CSV, yaani faili la orodha ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato.

Sitaki nieleweke kwamba ninadharau picha na kipanya. Douglas Engelbart alipoonyesha kipanya hadharani huko San Francisco mwezi Desemba 1968, watafiti wa Xerox walipounda kompyuta ya Alto mwaka 1973 na hatimaye Apple walipoileta Macintosh mwaka 1984, walilenga kumwondolea mtu mzigo wa kukumbuka, wampe uwezo wa kutambua. Huo ni wema mkubwa. Skrini yenye menyu humwambia mgeni kinachowezekana. Skrini nyeusi yenye alama inayopepesa haimwambii lolote. Tena menyu zinaweza kuzungumza lugha ya mtumiaji: mwaka 2004 OpenOffice, programu za ofisi zinazofanana na Word na Excel, ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo, kazi ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, ilhali `grep` itabaki `grep` kwa kila taifa. Kazi za macho, kama kupanga ukurasa, kusafisha picha au kuchora mipaka ya kata juu ya ramani, ninazifanya kwa kipanya na sioni sababu ya kuzifanya vinginevyo.

Na amri zina ukali wake. `rm` haina pipa la taka. Faili ikifutwa, imekwenda, na nafasi moja iliyoingia kwa bahati mbaya kati ya maneno inaweza kufuta folda nzima. Kwa hiyo kila ninayemfundisha ninamwekea sharti moja lisilo na msamaha: kabla ya `rm`, andika `ls` kwa mpangilio ule ule wa majina, usome kilichojitokeza mstari kwa mstari, na ukiridhika ndipo ubadilishe neno la mwanzo.

Huwa ninashangazwa na wanaosema watu wetu hawawezi kutumia kompyuta kwa maandishi. M-Pesa ilipofika Tanzania mwaka 2008, mamilioni ya watu walijifunza kupiga *150*00# na kusafiri ndani ya menyu za maandishi matupu, kwenye simu zisizo na kipanya wala picha, katika jumbe ambazo kwa kiwango chake haziruhusiwi kuzidi herufi 182. Mtazame wakala mzoefu kibandani: hasomi menyu, anabonyeza tarakimu kwa mfululizo huku akizungumza na mteja, kwa kuwa mpangilio umekaa vidoleni. Na kampuni ikibadilisha mpangilio wa menyu, yeye naye hukwama kama makatibu muhtasi wa 2007, kwa sababu namba 4 aliyoizoea sasa ina maana nyingine. Kutumia maandishi watu wanaweza. Wanachonyimwa ni majina ya kudumu ya vitu na ruhusa ya kuyapanga wapendavyo.

Jambo linaloniuma zaidi katika ofisi zetu ni uhamisho. Afisa anapewa barua leo, Jumatatu anaripoti Songea, na ujuzi wote wa jinsi alivyokuwa akitunza nakala rudufu unaondoka naye. Nimepokea ofisi ambayo makabidhiano yake yalikuwa kurasa zenye picha za skrini na mishale myekundu, za programu ambayo tayari ilikuwa imebadilishwa toleo, na picha zile hazikunisaidia. Tangu hapo kila kazi inayojirudia katika ofisi yangu imeandikwa kama skripti, yaani faili la amri zilizopangwa kwa mfuatano, na juu ya kila hatua kuna mstari unaoanza na alama ya reli, ambao mashine huuruka na binadamu huusoma: “Nakala ya hifadhidata ya wanafunzi, kila usiku.” “Usibadili jina la folda hii, tawi jingine linaisoma pia.” Saa ninaziandika kwa namna zote mbili, kwa sababu mashine ikiambiwa saa 2 huelewa kile tunachokiita saa nane usiku, na afisa mgeni asipoliona hilo atapanga kazi nzito ianze wakati ofisi imejaa watu. Skripti ya namna hii ni makabidhiano na kazi yenyewe kwa pamoja. Amri zake haziwezi kusema jambo moja huku mashine ikifanya jingine.

Vijana wanaokuja kwetu sasa wamekulia kwenye simu janja, na hilo limebadilisha pa kuanzia. Ukimuuliza mmoja wao faili lake liko wapi, atakujibu kwa dhati kabisa kwamba liko kwenye Word, au picha iko kwenye Gallery, kwa sababu simu haijawahi kumwonyesha kwamba kuna folda ndani ya folda. Kwa hiyo siwaanzishi na amri nzito. Ninachora ubaoni mti wa folda, kisha wanaandika `pwd` kujua walipo, `ls` kuona kilichopo, `cd` kuhama, na `mkdir` kuunda folda yenye majina yao. Upande wa pili wa skrini ninawafungulia dirisha la kawaida la folda, na wanaiona folda waliyoiandika ikijitokeza pale pale kama alama ya manjano, jina lao likiwa chini yake. Kuanzia hapo kipanya na amri huwa ni milango miwili ya chumba kimoja, na maswali yao hugeuka kuwa ya kazi. La kwanza karibu kila mara ni jinsi ya kubadili kwa mkupuo majina ya picha zote za vitambulisho vya wanafunzi, zilizotoka kwenye kamera zikiwa na namba tupu, ili kila moja ichukue namba ya usajili ya mwenyewe. Na somo la pili ninalianza na swali hilo hilo.